Siku za Watu kwenye Kalenda ya Verediana

Jina la Mama Kalenda lilizaliwa katika soko la Uyole, kwenye safu ya wauza viazi mviringo. Mwaka huo akina mama wawili wa safu hiyo walikuwa wamekwisha kugawa kadi za sherehe za watoto wao, mmoja kipaimara na mwingine send-off ya kumuaga binti anayeolewa, ndipo wakagundua kuwa wote wawili wamechagua Jumamosi moja. Wakaanza kulaumiana mbele ya wateja. Verediana Kikoti, aliyekuwa akijaza viazi kwenye sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, alisema bila kuinua kichwa kwamba Jumamosi hiyo ilikuwa pia ya arobaini ya marehemu baba wa Sifaeli muuza vitunguu, kwa hiyo hata wakipatana wao wawili watu wangegawanyika tu. Jumamosi iliyofuata, akaongeza, haikuwa na mtu.

Sekela, jirani yake wa meza, alipiga makofi. "Jamani njooni muone! Huyu si mama, huyu ni kalenda!"

Tangu siku hiyo watu walimwendea kumuuliza tarehe. Mwenye kutaka kuoza binti alipita kwake kabla ya kupita kwa padri au mchungaji. Walimwita Mama Kalenda kwa upendo, naye aliitika. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alizijua siku za watu wote namna ile.

Mimi ni mwalimu, na nimekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, hapa Ilomba, kwa miaka kumi na tisa, na baadaye nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya send-off ya binti yake. Kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona, au nimeyapata kutoka kinywani mwake.

Verediana alizaliwa Ifunda, mkoani Iringa, akaolewa Mbeya na dereva wa lori. Mumewe alifariki binti yao Happy akiwa darasa la nne. Tangu hapo aliishi kwa viazi, yaani kwa kununua gunia kwa wakulima wa milimani na kuuza kwa sado. Kila mwaka, katika juma lile lililo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, alinunua kalenda kubwa ya kanisa na pakiti moja ya bahasha za kaki, akaketi mezani na kalamu ya bluu. Aliandika sherehe zote alizokwisha kusikia: kipaimara cha fulani, ubarikio wa fulani, ndoa, jubilei ya sista mmoja, kumaliza chuo. Kando ya kila jina aliandika kiasi. Halafu aliandika jina la mpokeaji na mwezi juu ya bahasha, akazipanga bahasha hizo ndani ya kopo la maziwa kwa mfuatano wa miezi. Misiba haipangwi, kwa hiyo bahasha tano za mwisho aliziacha bila kitu juu yake.

Fedha aliipata kwa kutenga shilingi elfu moja katika kila gunia. Januari alitenga kidogo kwa sababu ya ada za shule. Wakati wa Kwaresima, ambapo ndoa hazifungwi na kadi hupungua, alijazia bahasha za Aprili na Mei. Blanketi za zawadi hakuzinunua Julai wakati wa baridi kali, bali mwezi wa kumi na moja, bei inaposhuka. Zamani alikuwa pia na fungu la kadi za salamu za Pasaka na Krismasi, zile zenye picha ya mshumaa. Siku hizi watu hutumiana salamu kwenye simu, na fungu hilo akalihamishia kwenye michango. Mwaka ambao viazi viliozea barabarani kwa mvua, alipunguza mboga ya nyumbani. Bahasha hazikupunguzwa.

Sasa, kila mwenye sherehe huku kwetu huwa na daftari. Mtu anapopeleka bahasha au blanketi, mwandishi wa sherehe huandika jina na kiasi au aina ya zawadi. Miaka inapopita na yule mtu naye akapata shughuli, mwenye daftari hulifungua, akatazama, akarudisha. Hakuna anayeona aibu kwa hilo.

Verediana alikuwa akiandika juu ya bahasha jina la anayepewa. Jina lake mwenyewe hakuliandika popote. Aliidumbukiza bahasha kwenye kapu pamoja na za wengine, akaenda kukaa nyuma.

Mwaka juzi Happy, ambaye alikuwa akiuza katika duka la dawa mjini Iringa, alichumbiwa na fundi umeme wa huko aitwaye Sosthenes. Harusi ingefanyika Iringa kwa gharama za upande wa kijana. Send-off ingefanyika Mbeya, na hiyo ilikuwa juu ya Verediana. Wakwe walituma ujumbe kwamba wangekuja watu arobaini kwa basi dogo la kukodi.

Kamati ilikaa sebuleni kwake. Mwenyekiti alikuwa Mzee Anyelwisye, fundi ujenzi mstaafu, mtu wa vichekesho. Tulikadiria watu mia moja na hamsini: ukumbi laki saba, chakula milioni moja na laki nane, muziki na mshereheshaji laki nne, mapambo laki tatu na nusu, keki na picha laki mbili na nusu. Jumla milioni tatu na nusu. Verediana alikuwa ameweka akiba ya laki sita, na kati ya hizo laki tatu zililipwa siku ileile kama kianzio cha ukumbi. Fedha nyingine zingetoka kwenye kadi themanini za kuomba michango.

"Mama Kalenda akikosa watu wa kumchangia," alisema Mzee Anyelwisye, "basi mimi nitacheza ngoma uchi pale stendi."

"Mzee, utatuletea balaa jingine," alisema Sekela. "Wewe changia tu, nguo zako kaa nazo."

Tulicheka. Verediana naye alicheka, akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Wiki tano baadaye nilikuwa na laki nne na elfu kumi na tano. Watu hawakukataa. Walisema watatazama, au walikaa kimya. Wengine walijitoa kwenye kundi la simu tulilolifungua kwa ajili ya send-off, na kila aliyejitoa simu ilitangaza jina lake kwa wote. Nilimweleza Verediana kwamba tumebakiwa na siku kumi na mbili, na kwamba mwenye ukumbi anataka salio ndani ya siku nne, la sivyo atampa mtu mwingine na kianzio hakirudi. Akasema twende kwa Faustina.

Faustina alikuwa na duka la jumla karibu na soko la Uyole. Alikuwa ameoza mabinti wawili na kufanya kipaimara kimoja, na kadi zote tatu zilikuwa zimepita mikononi mwa Verediana. Tulikwenda watu watatu: Verediana, Sekela na mimi.

"Shikamoo mwalimu. Karibuni, karibuni kwenye viti," alisema Faustina.

"Tumekuja na mwalimu ili usitufukuze," alisema Sekela.

"Nimfukuze mwalimu? Si ndiye aliyemchapa mume wangu mpaka akajua kuhesabu! Ingawa kuhesabu kwenyewe mpaka leo anahesabu bia tu."

Alipoelezwa shida yetu hakukunja uso. Aliingia nyuma ya duka, akarudi na daftari lenye jalada gumu, akalipangusa vumbi kwa kanga. "Mimi sina mengi. Kadi zote nazijibu kwa hili. Aliyenipa thelathini nampa thelathini na tano. Aliyenipa vikombe nampa sahani. Ambaye hakunipa, dada yangu, nitamsalimia vizuri tu kanisani." Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa. "Verediana... Mama Happy... Mama Kalenda... Hapana. Hayumo."

"Tazama vizuri!" Sekela alisimama. "Huyu hajawahi kukosa sherehe yako hata moja. Ya binti yako Mercy tulikaa naye benchi moja, karibu na masufuria."

"Kuja alikuja, Sekela. Chakula alikula, sikatai. Mimi nasema daftari."

Nilikuwa nimekaa upande ambao niliweza kusoma. Katika sherehe zote tatu kulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa: bahasha, haina jina. Ya send-off ya Mercy ilikuwa ya shilingi elfu arobaini. Nilimtazama Verediana. Alikuwa akiutazama mstari huohuo.

"Na hii isiyo na jina?" niliuliza.

"Hiyo ina mwenyewe, mwalimu. Mama Anjela alinijia mwaka jana na kadi ya mwanawe, akasema siku ile alisahau kuandika jina. Nikamrudishia hamsini. Zile nyingine mbili sikuona mwenyewe, nikazipeleka kwa Mungu, nikasema labda mgeni tu alipita."

Sekela alimgeukia Verediana na kumngoja aseme. Verediana alikunja kitenge chake magotini, akakikunjua. Hatimaye alisema, "Asante, Mama Mercy. Tumekusumbua na kazi zako."

Faustina alifungua droo, akatoa noti ya elfu kumi. "Hii si ya daftari. Ni ya ujirani." Verediana aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo wanawake wa kwao.

Tulipofika barabarani Sekela alishindwa kujizuia. "Ile elfu arobaini ilikuwa yako! Nilikuona unaihesabu kwenye kanga sokoni! Kwa nini umenyamaza?"

"Ningesema nini? Mama Anjela naye alisema ni yake. Kuanzia kesho kila mtu ataiomba ile."

"Na hilo jina lako lilikuwa zito kiasi gani, hata kalamu ikashindwa kulibeba?"

Verediana alitueleza, huku tukingoja malori yapite ili tuvuke. Baba yake alikuwa katekista. Alimfundisha kwamba zawadi iliyoandikwa jina la mtoaji ni karatasi ya deni, na mwenye kuipokea hulala na deni hilo kitandani. Alimwahidi baba yake kuwa hatamdai mtu.

"Lakini ulitegemea wakurudishie," nilisema. Najua sikupaswa kusema hivyo pale barabarani.

"Nilitegemea, mwalimu." Hakuona haya kukiri. "Nilijua kwenye daftari simo. Nikadhani kwenye vichwa vyao nimo."

Jioni ile aliniomba nimsaidie kujumlisha. Kalenda zake za miaka kumi na sita zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari mmoja, moja juu ya nyingine. Tulizishusha, tukazipitia mwezi kwa mwezi. Mbali na blanketi, vitenge na sahani, ilikuwa milioni sita na laki mbili. Nilijumlisha mara ya pili nikitumaini nimekosea.

Tulijaribu njia zilizobaki. Mzee Anyelwisye aliwapigia simu watu ishirini na saba akiwatajia sherehe zao moja baada ya nyingine. Waliomwamini walikuwa watatu. Mmoja alimjibu kwamba ujanja huo wa kudai bahasha zisizo na majina umezidi mjini, na kwamba hakumtegemea mzee mzima auingie. Hapo alizima simu, akaitia mfukoni. Tulipunguza watu hadi themanini, kisha sitini. Lakini wakwe peke yao walikuwa arobaini, na siku ya nne ilifika. Ukumbi ukapewa mtu mwingine.

Happy alikuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nilikuwa nimepeleka muhtasari wa kamati, na nilitaka kuondoka, lakini mama yake akaniomba nibaki nimsomee mtoto hesabu. Nilisoma. Happy alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akasimama mbele ya zile kalenda zilizokuwa bado mezani. Alifungua moja, akafungua nyingine.

"Mama, humu mimi niko tarehe ngapi?"

Verediana hakuelewa swali.

"Kipaimara changu. Ni mwezi wa nane, mwaka huu hapa. Nakiona cha Pendo wa jirani, cha mwezi wa tano, kiasi na blanketi. Changu kiko wapi?"

"Wewe ulikuwa wa nyumbani, mwanangu. Mtu wa nyumbani haandikwi."

"Nilivaa gauni la Pendo, limeshonwa kiunoni kwa uzi mweupe wakati lenyewe ni la rangi ya maziwa. Wenzangu walipikiwa pilau. Sisi tulikula viazi, tena vile vilivyokatwa na jembe." Hakupaza sauti. "Nilikuwa najiambia, mama anaweka. Siku yangu kubwa ipo, anaiwekea. Kumbe hakuna mahali palipowekwa."

"Nimewekeza kwa watu, Happy."

"Watu gani, mama? Waite basi."

Nilitazama sakafu. Verediana alinyoosha mkono amshike binti yake kiwiko, na Happy hakuuondoa mkono ule, wala hakuugeukia.

Kisha alitoka uani kumpigia simu Sosthenes. Tulimsikia akisema kwamba mama anaumwa, miguu imevimba, daktari amemkataza kusimama, na kwamba familia imeonelea send-off isiwepo. Aliporudi alikuwa amekwisha kufuta machozi.

"Nimewaambia hivyo. Sikuwa na jingine. Wangejua ni michango, ningeingia kwenye ile nyumba kama mtu ambaye kwao hana watu."

"Umefanya vizuri," alisema Verediana. Halafu akauliza: "Na harusi?"

Happy alikaa kwenye kiti kana kwamba jambo hilo lilimjia wakati uleule. Harusi ilikuwa baada ya wiki mbili. Mwanamke asiyeweza kusimama wiki hii hawezi kucheza na zawadi ukumbini wiki mbili baadaye mbele ya watu wale wale waliokatazwa safari kwa ajili ya miguu yake.

"Baba mdogo Eliezeri atatoka Chimala," alisema Happy. "Atanisindikiza yeye."

"Sawa."

"Mama, nisamehe."

"Sawa, mwanangu. Ni sawa."

Happy aliondoka kesho yake na mabegi mawili. Verediana hakumsindikiza stendi, kwani palikuwa na watu wengi wanaomjua, na sasa ilimbidi aonekane anaumwa miguu. Kwa sababu hiyohiyo hakwenda sokoni kwa wiki mbili. Madereva wa viazi hulala Iringa, na habari husafiri nao. Magunia manne aliyokuwa amekwisha kuyalipia yaliuzwa na Sekela kwa hasara, maana viazi vingine vilikwisha kuota.

Uongo ule ulienea Ilomba haraka, na hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo linanisumbua. Watu walikuja. Walimletea sukari, ndizi mbivu, mafuta ya kuchua. Faustina alikuja na kilo tano za mchele, akakaa nusu saa akimpa pole na kumsimulia juu ya magoti ya marehemu mama yake. Wale wale walioitazama kadi yake na kuiweka kando waliingia mmoja mmoja na kumshika mkono kwa huruma ya kweli, naye alikaa kwenye mkeka, miguu amefunikwa kwa shuka, akiitikia. Baadaye aliniambia kwamba kila pole ilimchoma, kwani hakuwa na ugonjwa wa kuipokelea, na ule alionao haukuwa na jina la kuwaambia.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi yenye upepo. Sekela alikuwa amesafiri na baba mdogo Eliezeri, na aliahidi kupiga simu ya picha kutoka kanisani. Nilipita saa nne asubuhi kumjulia hali. Verediana alikuwa amevaa kitenge kipya na kufunga kilemba, ingawa hakuwa anakwenda popote, na simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe dirishani, mahali ambapo mtandao hushika.

"Karibu, mwalimu. Bado hawajaingia. Padri amechelewa."

Tulingoja. Simu iliita saa tano kasoro. Tuliona dari ya kanisa, kisha bega la mtu, kisha, kwa mbali, kitu cheupe kikitembea. Sekela alikuwa akinong'ona, "Unamwona? Unamwona mwanao?" Verediana aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akakifuta kwa kidole gumba, na alipokifuta picha ilikuwa imekwama. Kile cheupe hakikusogea tena. Simu ikakata. Alijaribu kupiga mara tatu, na mara ya nne sauti ikasema salio halitoshi.

Nilimwambia nitamwongezea. Akasema tusiwasumbue, watu wako ibadani.

Nje, bomba la uani lilikohoa mara mbili na kuanza kutoa maji. Mtaa wetu hupata maji mara mbili kwa wiki, na asiyewahi hubaki bila. Verediana alijifunga kanga juu ya kile kitenge kipya, akavua viatu, akatoka. Nilitaka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Alisuuza pipa la bluu, akalijaza kwa ndoo, mara kumi na tano, akitembea kwa hatua za kawaida, kwa kuwa uani hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa mimi. Kisha akajaza madumu mawili ya njano na sufuria kubwa ya pilau. Maji yalianza kupungua nguvu, yakawa uzi. Alingoja uzi huo ujaze ndoo ya mwisho mpaka ukingoni. Akaifunika kwa sinia, akaweka jiwe juu ya sinia, akafunga bomba.